Kosa la Mstari Mmoja

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari ya karatasi. Si gazeti wala noti. Ni karatasi moja iliyokuwa imebandikwa ukutani, katika chumba cha mitambo cha kituo kimoja cha redio nilichopata kufanyia kazi hapa Mwanza. Ilikuwa na mistari tisa ya maelezo. Minane kati ya hiyo ilikuwa sahihi.

Wewe usiyeshughulika na kompyuta usifunge redio, jambo lenyewe si la mafundi peke yao. Karatasi ile ilieleza namna ya kutoa nakala ya kumbukumbu zote za kituo kutoka kwenye kompyuta na kuziweka katika diski ya pembeni, ili kompyuta ikiungua, ikiibwa au umeme ukiikaanga, kazi ya miaka isipotee. Kazi hiyo mafundi wa mjini wanaiita bakapu. Vitabuni utakuta nakala rudufu. Wapo pia wanaoandika chelezo, na mtu wa Mwanza akisikia chelezo fikra zake zinakwenda Bandari ya Mwanza Kusini, mahali meli zinapoundwa na kukarabatiwa, ambako ndiko ilikoundwa MV Mwanza yenye urefu wa mita 92.6 mpaka iliposhushwa majini Februari 2023. Lakini neno hilo lina maana nyingine ya zamani, maana ya boya, kitu kinachoelea. Mimi nalipenda kwa maana hiyo. Chombo kikizama, chelezo ndicho kinachobaki juu ya maji.

Katika kumbukumbu zile za kituo kulikuwa na sauti saba nilizozirekodi mwenyewe mwezi Septemba 2018. Msikilizaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji kukumbushwa mwezi huo. Tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilichokuwa kikitoka Bugolora, Ukerewe, kilipinduka kikiwa kinakaribia gati ya Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Nilikwenda kule na kinasa sauti, nikakaa ufukweni pamoja na watu waliokuwa wakisubiri miili ya ndugu zao. Wengine sikuwauliza neno, nilikaa tu. Waliotaka kusema walisema, nami nikarekodi. Kuna bibi mmoja aliyetaja majina ya watu wa nyumba yake mmoja mmoja, polepole, kama anayewaita waje kula. Sauti ile tuliitangaza mara moja tu. Tukaihifadhi.

Nikiwa kule nilijifunza jambo linalohusu mada yetu ya leo. Siku za mwanzo hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni watu wangapi walipanda kivuko kile. Ilielezwa kwamba mkata tiketi alikuwa miongoni mwa waliofariki, na mashine ya tiketi ilipotea majini. Yaani orodha ilisafiri ndani ya chombo kilekile, na chombo kilipozama orodha ikazama nacho. Wenye umri wangu na zaidi wanakumbuka pia MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na jinsi abiria wa daraja la tatu walivyokuwa hawamo katika orodha. Basi sisi wa ziwa hili hatuna haja ya kufundishwa na mgeni kwamba nakala ya pili iwekwe mahali pengine. Somo hilo tulilipata kwa gharama.

Narudi kwenye karatasi. Ijumaa moja ya mwezi Machi 2021 fundi wetu alikuwa amekwenda msibani Sengerema. Diski ya pembeni iliyokuwapo ilikuwa imeharibika, na kituo kikanunua nyingine mpya, tupu. Kijana wa zamu, ambaye si fundi bali mtangazaji mwenye bidii, akaona asiiache kazi ilale mpaka Jumatatu. Akaichomeka diski mpya, akasimama mbele ya ile karatasi, akaandika alichokiona neno kwa neno. Hakuongeza herufi wala hakupunguza, na hilo ndilo kosa lake lote, kama ni kosa. Hapakuwa na kelele wala moshi. Baada ya dakika chache kompyuta ikasema imemaliza. Akaenda kunywa chai.

Aliporudi, kumbukumbu za miaka kumi na moja zilikuwa hazipo.

Sitasoma amri hewani, maana ingekuwa kama kusoma namba za simu. Nitaieleza. Zana waliyoitumia inaitwa rsync, imetengenezwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia na kutolewa mwaka 1996, na inatumika ulimwenguni kote hadi leo. Unaitajia majina mawili, unakotoa na unakopeleka. Ukiongeza neno la kuiambia ifute, inahakikisha kwamba kule unakopeleka panafanana kabisa na kule unakotoa, na chochote kilicho huku na hakipo kule kinaondolewa. Neno hilo lina faida yake, maana bila hilo diski hujaa makapi ya miaka. Lakini ukiyageuza majina, ukaiambia kwamba diski tupu ndiyo asili na kumbukumbu ndiyo nakala, zana haitakuuliza kama una akili timamu. Itaona asili haina kitu, na itaifanya nakala nayo isiwe na kitu. Imetii.

Karatasi yetu ilikuwa imeyageuza majina katika mstari wa sita.

Tena kuna kijiti kilichoinama kinachowekwa mwishoni mwa jina la folda, mafundi wanakiita sleshi. Katika zana hii, ukikiweka kwenye jina la asili unamaanisha vilivyomo ndani ya folda, usipokiweka unamaanisha folda yenyewe na vilivyomo. Karatasi ilikuwa imekiweka, na kijana akakiweka. Laiti angekisahau, zana ingetengeneza folda mpya tupu pembeni na kumbukumbu zetu zingesalimika. Yaani siku ile uzembe ungetuokoa. Uangalifu ndio uliotuangamiza.

Fundi aliporudi kutoka msibani, hali yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa mara mbili. Ni yeye aliyeiandika karatasi ile. Alituambia alivyokosea, na maelezo yake nimeyaweka moyoni kwa sababu hayana utetezi ndani yake. Kuna zana nyingine ya kufungasha mafaili, ya zamani zaidi, ya mwaka 1979, iitwayo tar. Katika tar unataja kwanza jina la furushi unalotaka kulipata, kisha unataja vitu vya kutia ndani. Mwisho unatangulia, asili inafuata. Katika rsync mambo ni kinyume chake. Yeye mkono wake ulikuwa umezoea tar, na siku alipokuwa akituandikia maelezo ya rsync alikuwa anaandika kwa kichwa, hakuijaribu amri kabla ya kuichapa. Yeye mwenyewe alipofanya kazi hakuwahi kusoma karatasi ile. Vidole vyake vilikuwa vinajua mpangilio sahihi. Karatasi aliwaandikia wasiojua.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, ndugu msikilizaji. Maelezo ya kazi hayasomwi na mwenye ujuzi. Anayeyasoma ni mgeni, ni wa zamu ya usiku, ni yule aliyeachiwa ofisi kwa siku mbili. Huyu hana kipimo cha kulijua kosa. Kosa la tahajia katika gazeti unalicheka na kuendelea, kwa sababu wewe na mimi tunajua neno lilipaswa kuwa lipi. Kosa la mpangilio katika maelezo ya bakapu halichekwi na mtu, kwa sababu halionekani. Na maelezo ya kurejesha kumbukumbu zilizopotea yana bahati mbaya zaidi, maana yanasomwa siku ya msiba tu, na mtu ambaye mikono inamtetemeka.

Sasa sikiliza kilichoniuma kuliko kosa lenyewe.

Tulikuwa na binti wa mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi wa uandishi wa habari. Siku ya nne baada ya hasara, wakati mafundi wa nje wakijaribu kuokoa kilichookoka, alinifuata kwenye ngazi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Vipi?”

Akanionyesha daftari lake. Alikuwa ameinakili karatasi ya ukutani majuma matatu kabla, yote mistari tisa, kwa sababu alitaka kujifunza. Usiku nyumbani alitafuta maana ya kila neno. Kwenye mstari wa sita alikuwa amekata kwa penseli, na juu yake akaandika mpangilio sahihi, na pembeni akaweka alama ya kuuliza.

“Mbona hukusema, mwanangu?”

“Mwalimu, mimi nina wiki sita hapa. Ile karatasi ina sahihi ya fundi mkuu. Nikadhani nimeelewa vibaya mimi.”

Sikuwa na la kumjibu. Ningemjibu nini? Nami nililelewa hivyohivyo. Mkubwa akisema mto huu unatiririka kupanda mlima, mdogo anatafuta namna ya kuuona ukipanda. Nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada, mwalimu mmoja aliandika ubaoni mwaka usio sahihi wa Azimio la Arusha. Tulikuwa darasa zima, kila mmoja akijua ni 1967, na hakuna aliyenyoosha mkono. Tuliunakili ulivyo. Wengine waliuandika hivyo hata kwenye mtihani, kwa heshima.

Lakini habari haikuishia kwa binti yule. Karatasi ya fundi wetu ilikuwa imesafiri. Mafundi wa mji mmoja ni ndugu, wanapeana maelezo kama wake zao wanavyopeana chumvi, na fundi wetu alikumbuka kwamba karatasi ile aliwahi kuwapa wenzake wa ofisi nyingine mbili. Tukazifuata wote wawili siku hiyohiyo. Ofisi ya kwanza walikuwa nayo ndani ya jalada, haijaguswa, vumbi juu, na nakala hawajatoa tangu wapewe. Nikamshukuru Mungu kwa uvivu wao, kisha nikawaonya juu ya uvivu wao. Ofisi ya pili ilikuwa imebandikwa ukutani kama kwetu. Na mstari wa sita ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu, umesahihishwa vizuri kabisa.

Tukauliza ni nani aliyesahihisha. Mhasibu mmoja mama wa makamo akainua mkono bila kuacha kuandika. Alisema alilijua kosa tangu mwaka uliotangulia, kwa sababu alijaribu kwanza kwa folda mbili za mchezo, na moja ikafutika. Akairekebisha karatasi yao akaendelea na kazi. Fundi wetu akamwuliza kwa upole, “Dada, hukufikiria kunipigia simu?” Naye akajibu kwa upole uleule, “Kaka, nilifikiri unajua.”

Kwa hiyo watu wawili, wasiojuana, katika mji mmoja, walikuwa wamelisahihisha kosa lile kabla halijatuumiza. Mmoja alilisahihisha daftarini, mwingine ukutani kwake. Usahihi ulikuwapo Mwanza mwaka mzima, umbali wa dakika kumi kwa daladala.

Wenzetu wanaotengeneza zana hizi za bure wana desturi ambayo mimi nimeianza kuipenda uzeeni. Maelezo yao yako wazi, na mtu yeyote akiona neno limekosewa, hata nukta, anaandika sahihisho lake na kulipeleka kwa mtunzaji wa maelezo. Mtunzaji analipima, akiridhika analiingiza, na jina la aliyelileta linabaki katika historia ya kazi ile. Michael Kerrisk, mzaliwa wa New Zealand, alianza mwaka 2004 kuutunza mkusanyiko mmoja mkubwa wa kurasa za maelezo ya Linux, na aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Masahihisho aliyokuwa akipokea mengi yalikuwa ya mstari mmoja. Halafu kuna yule profesa wa Marekani, Donald Knuth, aliyeanza mwaka 1968 kutoa vitabu vyake vikubwa vya sayansi ya kompyuta. Huyu aliahidi kumlipa dola 2.56 kila atakayemwonyesha kosa katika kitabu chake, na alikuwa akiandika hundi kwa mkono wake. Wengi waliozipata hawakwenda nazo benki. Walizitia kwenye fremu. Mwaka 2008 aliacha kutoa hundi za kweli kwa sababu ya wezi wa mambo ya benki, akawa anatoa vyeti vya benki ya kubuni, na watu wakaendelea kuvitafuta vilevile. Fikiria mkubwa wa kazi akimlipa mdogo kwa kumwambia, hapa umekosea.

Sisemi kwamba kila mwenye kalamu nyekundu aachiwe. Sahihisho nalo lina hatari yake, na mfano mzuri unatoka Japani. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza terabaiti 77 za utafiti, mafaili yapatayo milioni 34 ya vikundi 14 vya watafiti. Waliokuwa wakihudumia kompyuta ile kubwa, kampuni ya Hewlett Packard ya huko, walikuwa wameirekebisha programu ya kutoa nakala, na moja ya mabadiliko yao lilikuwa kuyapa baadhi ya majina ndani yake sura inayosomeka vizuri zaidi. Nia njema kabisa. Lakini waliiweka iliyosahihishwa juu ya ile ya zamani wakati ya zamani bado inafanya kazi. Programu ikasoma nusu ya kwanza kwa maneno ya kale na nusu ya pili kwa maneno mapya, na amri iliyokusudiwa kufuta taarifa zilizopitwa na siku kumi ikageukia mafaili ya watafiti. Kampuni ilikiri kwamba kosa ni lake. Kwa hiyo ukitaka kusahihisha, jaribu kwanza pembeni, kama yule mama mhasibu na folda zake mbili za mchezo.

Jambo lingine nililiona kwetu, nalo ni la lugha. Ofisi zetu zinaandika karatasi hizi za ukutani kwa sababu maelezo yenyewe ya zana yamekuja kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice, na ikaonekana wazi kwamba lugha yetu haishindwi na kompyuta. Lakini maelezo ya kazi za ndani za mafundi yamebaki zaidi kwa Kiingereza, na kila ofisi inajitafsiria yake kimyakimya. Kosa la tafsiri likiwa katika kitabu kinachosomwa na watu elfu, atapatikana mmoja wa kulipigia kelele. Likiwa ukutani kwenye chumba cha mitambo, linasubiri.

Mafundi wa nje walikaa siku nne. Waliokoa matangazo ya biashara mengi, nyimbo ambazo tungeweza kuzipata popote, na vipande vya taarifa za habari. Sauti za Ukara hazikuwamo.

Karatasi mpya ipo. Niliiona mara ya mwisho kabla sijahama kituo kile. Ina mistari kumi na miwili. Mstari wa kwanza unasema uiendeshe zana kwanza kwa namna ya majaribio, ambapo inakuonyesha itakachokifanya bila kukifanya. Kumbe uwezo huo ulikuwamo miaka yote, herufi moja tu unaongeza. Asili na nakala zimeandikwa kwa rangi mbili. Mstari wa mwisho unataka kila mwezi faili moja lirejeshwe kutoka kwenye diski na lisikilizwe mpaka mwisho, na anayelisikiliza aweke sahihi. Chini kabisa, chini ya sahihi ya fundi mkuu, kuna nafasi iliyoachwa tupu makusudi, na juu yake pameandikwa: Ukiona kosa hapa, andika, kisha niambie, hata kama umeingia leo. Siku niliyoiona kulikuwa na masahihisho matatu tayari. Moja lilikuwa la herufi. Binti yule ndiye aliyepewa kazi ya kuichapa upya kila yakifika matano, mpaka alipomaliza mafunzo yake.

Kuhusu zile sauti saba, mbili zimepatikana. Mwenzangu mmoja wa Nansio alikuwa ameniomba wakati ule nimtumie kwenye simu, nikamtumia na nikasahau. Aliposikia habari yetu aliitafuta simu ya zamani ndani ya kabati, akainunulia chaja. Moja ni ya mvuvi aliyekuwa wa kwanza kufika na mtumbwi. Nyingine ni nusu ya yule bibi, inakatika akiwa kwenye jina la nne.

Ningependa kurudi Bwisya kumwomba ayataje tena. Mpaka leo sijaenda.